Siku saba, shemeji na mwiko mmoja: Machame hadi Mweka

Picha za kilele cha Kilimanjaro mmeshaziona kwenye status, sitazirudia. Tangu nirudi naulizwa mambo mawili hadharani: baridi ilikuwaje, na imenigharimu kiasi gani. La tatu watu wananivuta pembeni ndipo wanauliza, sauti chini: "Sasa kule juu... mnajisaidia wapi?" Nimekaa na daftari langu lililolowa mvua ya Machame na picha mia tatu na ushee za simu, nikaona bora nijibu mara moja, siku kwa siku, nisije nikavutwa tena mkono kwenye sherehe za watu.

Tulikuwa watatu: mimi, wifi yangu kutoka Dar, na shemeji, mume wa dada, mtu wa Tanga. Mwenye akili ameshaliona tatizo. Wifi na shemeji ni watu wa kukaribishwa kwa kanga safi na chai ya iliki, si watu wa kuwaambia tumbo lako limeamkaje. Heshima hiyo tuliondoka nayo Moshi. Haikufika Barranco, kambi ya usiku wa tatu.

Alhamisi, Februari 20, 2025. Manunuzi Moshi

Basi la mkoani likisimama porini konda hupaza sauti, "Wa kuchimba dawa!" na abiria wakatawanyika vichakani. Miaka yote hii sijaona aliyechimba chochote. Kiongozi wetu wa mlima, mzee wa Machame ambaye sote tulimwita Babu, alipotusomea orodha ya vifaa alimalizia hivi: "Na kitu cha kuchimbia. Kule dawa inachimbwa kweli."

Nilizunguka soko la Mbuyuni nikitafuta kijembe cha bustani, sikukipata. Nikaishia kwenye mwiko wa fundi uashi, ule mdogo wa lipu, shilingi 6,000. Muuzaji akauliza najenga wapi. Nikasema Machame. Akanipongeza, akasema viwanja vya huko siku hizi havishikiki.

Nyumbani nikachukua kopo la bati la maziwa ya unga, kubwa, lenye mfuniko unaobana, ambalo Mama anawekea sukari. Sukari nikaimwaga kwenye bakuli, kopo likaingia kwenye begi. Sikuaga. Seremala wa jirani akanijazia mfuko wa maranda bure akidhani nimeanza kufuga kuku, nami sikumtoa kwenye mawazo yake. Shemeji alishuka kwenye basi la Tanga akiwa na birika la plastiki la kijani, limening'inia nje ya begi. Wifi alilitazama birika lile, akanitazama mimi.

Gharama, kwa kuwa najua ndizo mnazozitaka: 1,450,000 kwa kila mmoja, bei ya raia, ndani yake kiingilio, viongozi, wagumu (ndio wapagazi wa mlimani) na chakula cha siku saba. Kukodi begi la kulalia, jaketi na fimbo, 95,000. Bakshishi niliitenga kwenye bahasha, 250,000. Halafu tukaongeza choo cha hema, 210,000, tukagawana sabini sabini. Wifi ndiye aliyesisitiza. Mimi niliona ni anasa. Nilimwomba radhi siku ya pili.

Siku ya 1, Jumamosi Februari 22. Geti la Machame hadi kambi ya Machame

Tulitoka Moshi saa mbili asubuhi kwa Coaster, tukavuka daraja la Karanga, barabara ya Arusha, kisha tukakunja kulia njia panda ya Machame. Lami inapanda taratibu katikati ya migomba na kahawa. Njiani tulisimama kwa mama ntilie tukanywa mtori, bakuli 3,000, mzito, nyama haikufichwa. Nikaongeza bakuli la pili. Kumbukumbu ya bakuli hilo itarudi muda si mrefu.

Getini, kama mita 1,800, kila mzigo wa mgumu unapandishwa kwenye mizani, usizidi kilo 20. Mizigo yetu ilipita. Kilichokosekana ni choo. Kampuni iliyotupeleka ilikuwa imechukua hela yake na kukisahau stoo. Tukakaa saa mbili na dakika kumi tukitazama makundi ya watu yakiingia msituni, mpaka bodaboda ikatokea kwenye kona, dereva, na nyuma yake kijana amekikumbatia kiti cha choo kama bibi harusi. Wagumu walipiga vigelegele. Kijana yule, mtu wa Kibosho, ndiye aliyepewa kukibeba hadi juu, na kuanzia hapo jina lake likawa Injinia.

Kwa atakayefuata: kikague choo ukiwa mjini. Kifunguliwe mbele yako. Kina matangi mawili, la juu la maji ya kusukumia, la chini la kupokelea, pamoja na dawa ya kuua harufu. Uliza pia kama mtu wa kukibeba ameandikwa kwenye orodha ya malipo, au ni mgumu wa kawaida aliyeongezewa.

Choo cha hema husimamishwa kambini tu. Kati ya geti na kambi ni saa tano hadi saba za msitu, na saa ya tatu ule mtori ulianza kudai. Nikamsogelea Babu, nikazungukazunguka maneno. Akanikata: "Mama, sema tu. Mwiko uko wapi?"

Alinifundisha pale pale, kwa utulivu kama anafundisha kupanda kahawa. Kwanza tukahesabu hatua 80 kutoka njiani, yeye mbele akikagua kama hakuna kijito wala mfereji wa mvua. Usijitose peke yako. Ndani ya hifadhi kutoka nje ya njia ni mpaka kiongozi ajue. Kisha akachagua udongo mweusi, mlaini, wenye majani yaliyooza. Shimo kina chake shibiri moja, sentimita 15 hadi 20, upana wa kiganja. Nikauliza kwa nini tusiende chini zaidi, ili mambo yazikwe kabisa. "Ukizika chini sana umewanyima wenye kazi." Wenye kazi ni minyoo na vijidudu, na hao wanaishi kwenye udongo wa juu, penye joto na hewa. Chini zaidi kinyesi kinakaa tu. Ukimaliza unarudisha udongo wote, unasawazisha, unatandika majani juu. Mwiko haugusi kilichomo. Kazi yake ni udongo peke yake. Halafu akaniachia faragha yangu.

Wifi alisimama kwenye njia kulinda, na ili watu wajue pana mtu akaimba pambio kwa sauti kubwa. Kundi la Wajerumani lilisimama kumsikiliza. Walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mti, nimeshika mwiko, nikiomba asiitikie ombi la wimbo wa pili.

Jioni mezani, juu ya supu ya karoti, mjadala ukaanza wenyewe. Wifi, Mlutheri wa kupindukia, akasema hilo si jipya, Torati iliwaagiza Waisraeli wawe na kifaa cha kuchimbia nje ya kambi, wafukie walichoacha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Shemeji akaweka kijiko chini. Akasema na kwao Mtume alikataza zamani kujisaidia sehemu tatu: kwenye maji ya watu, kwenye njia, na kwenye kivuli wanachopumzikia. Wakatazamana kwa heshima. Nikamwona Babu anatabasamu ndani ya kikombe.

Siku ya 2, Jumapili. Kambi ya Shira

Msitu uliisha, tukaingia kwenye vichaka vya miti mifupi yenye ndevu za kijivu. Siku fupi, saa tano hivi, miguu haijachoka. Ningeiruka kama si yale maua.

Nyuma ya kila jiwe kubwa karibu na mahali pa kupumzikia palikuwa na kitu cheupe. Kwa mbali nilidhani ni maua. Wifi alitoa simu apige picha, akairudisha mfukoni. Karatasi za chooni. Nyingine zimefukiwa nusu, nyingine zimechanwa na kunguru, wale wakubwa wenye shingo nyeupe wanaofuata kambi hadi kambi. Hapa tumeshavuka mita 3,500: usiku ni baridi, mchana ni jua kali na ukavu, hao wenye kazi wa Babu ni wachache na wamezubaa. Karatasi ya leo mwakani utaikuta.

Shemeji akatikisa birika lake. "Sisi wa maji hatuachi maua."

"Mnaacha mbegu," wifi akajibu. Haya, heshima ilikuwa inamomonyoka.

Lakini shemeji ana hoja, na nimeifikiria sana. Maelekezo mengi ya kupanda mlima yameandikwa na watu wa karatasi kwa watu wa karatasi. Mtu aliyezoea kuchamba kwa maji tatizo lake ni jingine: nusu lita kila mara, maji yamwagikie palepale shimoni au chooni na si mtoni, halafu sabuni ya mikono. Ukiwa na karatasi, chukua mfuko wake maalumu unaofungika, itumie kidogo, ifunge, uishushe nayo. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia ndio vibaya zaidi, vingi vina nyuzi za plastiki ndani, haviozi hata ukivizika Machame. Na usichome. Wapo wanaodhani kuchoma karatasi ni usafi. Mlima huu uliungua Oktoba 2020 kwa siku kadhaa, ukaungua tena Oktoba 2022 upande huu huu wa kusini, karibu na kambi ya Karanga. Vichaka hivi vikishika moto, huna maji ya kuuzima wewe na birika lako.

Choo cha hema jioni ile kilikuwa kisafi, kimefungwa zipu, kinanukia. Ndipo nilipomwomba wifi radhi.

Siku ya 3, Jumatatu. Shira, Lava Tower, Barranco

Hii ndiyo siku yenyewe.

Unapanda kutoka kama mita 3,800 hadi 4,600 pale kwenye mnara wa mawe, halafu unashuka tena kulala Barranco, mwili uzoee. Tulikuwa tumeanza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa ushauri wa daktari, na dawa hiyo inakuza mkojo. Mwili wenyewe nao ukizoea mwinuko unatoa maji mengi. Kwa hiyo kila nusu saa mmoja wetu alikuwa anatafuta jiwe. Haja ndogo haina makuu: mbali na maji, mbali na njia, basi.

Saa tano na robo shemeji akakaa kimya. Mtu wa Tanga akikaa kimya jua kuna jambo. Akamwita Babu pembeni. Choo kipo pale mnarani, Babu akamwambia, mwendo wa saa moja. Shemeji akasema kwa lugha iliyonyooka ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba saa moja hana.

Nikatazama chini. Mawe. Changarawe. Mwiko ukigonga unalia kama umegonga sufuria. Hakuna cha kuchimba, na hata ukichimba hakuna mdudu wa kukupokea. Ndipo kopo la Mama lilipoingia kazini.

Utaratibu ni huu, na ninaueleza kwa kirefu kwa sababu sikuona mtu aliyenieleza. Ndani ya kopo unatandika gazeti kuukuu au karatasi ya kaki, ngumu, isiyopakwa nailoni. Juu yake konzi mbili za maranda. Unamaliza shida yako, unafunika kwa maranda mengine, yananyonya maji na kukata harufu, unakunja karatasi, unabana mfuniko. Kopo linakwenda kwenye begi la mwenye shida, upande wa nje, ndani ya mfuko wake. Ukifika penye choo cha shimo unamwaga kila kitu mle, karatasi na maranda vinaoza pamoja na vingine. Mfuko wa plastiki haumwagwi shimoni kwa hali yoyote. Milima mingine wanatumia mifuko maalumu yenye unga unaogandisha: kule Everest, halmashauri ya eneo lile ilitangaza mwaka 2024 kwamba wapandaji warudi kambini na kinyesi chao mfukoni, na Denali, Alaska, wapandaji hupewa ndoo ndogo yenye mfuniko. Mifuko hiyo Moshi sikuiona dukani. Kopo la maziwa lipo kila nyumba.

Nikamkabidhi shemeji kopo, maranda na ukurasa wa michezo wa gazeti la Jumamosi. Macho yetu hayakukutana. Wifi aligeuka akaanza kusifia mandhari, na mandhari yenyewe ilikuwa ukungu mtupu. Dakika kumi baadaye shemeji akatokea nyuma ya jiwe na birika lake, akasema, "Timu yangu ilikuwa imefungwa ukurasa ule. Nimelipiza." Tulicheka mpaka Babu akatukataza, hewa ni ndogo.

Hadi jioni alikwenda mara nne. Kiongozi msaidizi akamchanganyia chumvichumvi za wanaoharisha kwenye maji vuguvugu, akawa anamnywesha kidogo kidogo kila tulipopumzika. Na pale mnarani mgumu wa kundi jingine kabisa, aliyemwona shemeji ameegemea jiwe, alitoa chupa yake ya chai ya tangawizi akamimina kikombe kizima. Tulitaka kumpa kitu, akasema apone tu, kisha akabeba gunia lake akatupita.

Barranco tulifika saa kumi na moja. Ile mimea mirefu ya pale imesimama kama migomba iliyovaa masweta. Shemeji alikula ndizi moja ya kuchemsha, akalala.

Kwa atakayefuata: kosa tunalijua. Mchana wa siku ya pili tulipitisha kifuko cha korosho mkono kwa mkono, na dawa ya mikono ile ya kupaka tulidhani inatosha. Haitoshi; kuna virusi vya tumbo vinavyoicheka. Maji ya moto na sabuni kabla ya kula na baada ya choo, na korosho mmiminiane kwenye kiganja, asiingize mtu mkono kwenye kifuko.

Siku ya 4, Jumanne. Ukuta wa Barranco hadi Karanga

Kwenye ukuta unapanda kwa mikono na miguu, watu foleni, nyuma yako wagumu wenye meza kichwani. Hapo hapana jiwe la kujificha. Nenda chooni kabla, hata kama hujisikii. Shemeji alikwenda mara mbili, kwa tahadhari, akapanda vizuri kunishinda.

Kabla ya kambi unashuka kwenye bonde la mto Karanga, halafu unapanda tena ukingo mkali. Mto wenyewe huku juu ni mwembamba, unauruka kwa hatua mbili. Ndio maji ya mwisho. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji, kwa hiyo wagumu wanachota hapa kwa madumu na kuyapandisha kambini, na kesho yake hadi Barafu.

Nilikaa kwenye jiwe nikiwatazama. Karanga ni huu huu tuliouvuka Jumamosi tukiwa kwenye Coaster, mimi nikitafuta chaji ya simu. Marehemu bibi yangu Kibosho alikuwa akiamka alfajiri kuchota maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, kabla ng'ombe hawajapita, kwa sababu baada ya hapo, alisema, maji yana habari za wengine. Mifongo yote ile inakatwa kutoka kwenye mito inayoshuka mlimani. Na vijidudu kama vya jiadia, ile ya kuharisha, hudumu kwenye maji ya baridi kwa wiki, hata miezi. Juu ya bonde, hatua kama ishirini kutoka kwenye maji, niliona ua jeupe nyuma ya jiwe. Nikalichukua kwa kifuko kilichogeuzwa nje ndani, nikatia kwenye taka zetu. Si la kwetu, lakini sikuweza kuliacha.

Jioni nikamkuta Injinia anaosha ndoo yake mbali na hema, amevaa glavu za mpira. Nikamsaidia kumwagia maji, tukaongea. Yaliyomo anayapeleka kwenye choo cha shimo cha kambi. Mgeni ana kiti na zipu. Wagumu wenyewe, ambao ndio wengi, wanakwenda kwenye vyoo vya mbao vya kambini, usiku na upepo wake. Nikauliza kipi kigumu zaidi katika kazi hii, nikidhani atasema harufu.

"Vitambaa," akasema. "Na pedi. Watu wanatumbukiza humu kana kwamba kuna mashine. Mimi ndiye ninayevitoa kwa kijiti kabla sijamwaga. Nikivipeleka shimoni, shimo linajaa vitu visivyooza, na kuchimba lingine kwenye mwamba huu, dada yangu, unakujua."

Nikamwambia sisi hatukutupa. Akasema anajua, ndiyo maana ananisimulia.

Siku ya 5, Jumatano. Barafu

Mwendo wa saa nne, vumbi na mawe. Kambi iko mita 4,600 na ushee, imekaa ukingoni, vyoo vingine vimekaa ukingoni zaidi. Usiku usiende bila taa ya kichwani.

Maji yalikuwa ya kupimiwa. Shemeji, fundi wa birika, akatayamamu kwa vumbi safi la mlima kwa ajili ya sala, na chooni akasema dini yake inaruhusu mawe, si chini ya matatu, basi akachagua mawe laini mfukoni kama mtoto anayekusanya kete. Kisha mawe yale aliyatia kwenye kopo. Hakuyaacha.

Mimi mchana ule nikaingia kwenye siku zangu, kabla ya wakati. Pedi nilizobeba zilikuwa mbili. Wifi hakuwa nazo. Nikazunguka hema za jirani nimejifunika shuka, nikakutana na dada mmoja Mkenya kutoka Eldoret, hatujuani, akanipa pakiti yake yote na kifuko cheusi cha kuhifadhia zilizotumika. "Zote unashuka nazo, sawa?" akanikumbusha kama mama mkali. Nilishuka nazo. Weka kijiko cha maranda au majani makavu ya chai ndani ya kifuko hicho, hakinuki.

Ugali, mchuzi wa kuku, kulala saa kumi na mbili jioni.

Siku ya 6, Alhamisi Februari 27. Uhuru, kisha kambi ya Mweka

Tuliondoka saa sita usiku. Giza totoro, mwezi ulikuwa umekwisha, ule unaofuata ndio wa Ramadhani, na shemeji alikuwa akisema kila aliposimama kwamba lazima awe Tanga kabla haujaandama.

Mahali fulani juu sana, saa nane na nusu usiku, ilikuwa zamu yangu. Nitaisimulia kwa ufupi. Upepo unapiga kutoka kushoto. Suruali tatu. Vidole havina habari. Babu aliwageuza wote watazame bonde, akazima taa yake, akanishikia fimbo. Wifi hakuweza kuimba, pumzi hana, kwa hiyo alipiga makofi taratibu, pa, pa, pa, nijue yupo. Gazeti liliruka, nikalikanyaga. Nikalenga. Nikabana mfuniko. Wakati narudi kwenye foleni shemeji akanyoosha mkono bila kugeuka, akachukua kopo, akalitia kwenye begi lake. Sikumwomba. Alilibeba hadi kileleni na kurudi nalo Barafu kwenye shimo.

Jua lilitukuta njiani kwenda Stella Point, ukingoni mwa kreta. Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, tulifika saa moja na dakika arobaini. Wifi alilia, mimi nikalia kwa sababu wifi analia. Kwenye ile picha ya watu watatu mnayoisifia, kamba ya begi la shemeji imevutika upande mmoja. Sasa mnajua kilichomo.

Kushuka hadi Mweka ni kirefu na magoti yanasema. Sina la kuandika.

Siku ya 7, Ijumaa. Geti la Mweka, Moshi

Msitu tena, matope, joto la kupendeza. Njiani tumbo likaniambia, nikachimba shimo langu la mwisho, shibiri moja, udongo mweusi, minyoo miwili. Niliwasalimia.

Getini taka zikapimwa, tukaandika majina kitabuni, tukapewa vyeti. Kwenye bahasha za bakshishi tulikubaliana Injinia apate zaidi ya wagumu wengine kwa elfu hamsini. Kiongozi msaidizi akaguna kwamba itawaudhi wenzake. Babu akauliza kwa sauti, wagumu wote wakisikia, nani angependa kubeba mzigo wa Injinia safari ijayo apate hiyo nyongeza. Hakujitokeza mtu, bahasha ikapita.

Shemeji aliwahi basi la Tanga Jumamosi alfajiri. Birika amelisahau kwangu, au ameliacha makusudi.

Kopo nililiosha getini kwa maji ya moto na sabuni, nikaliosha tena nyumbani kwa dawa, nikalianika juani siku mbili. Jumatatu namkuta Mama jikoni ameshika bakuli la sukari lenye sisimizi, anatazama dirishani, kwenye lile kopo linalong'aa.

"Kumbe lilikuwa hapa," akasema, akalifuata.

Nilikimbia haraka kuliko siku zote saba. Nimemnunulia jipya. Lile la zamani liko uvunguni pamoja na mwiko. Wifi anasema Desemba twende mlima Meru.